Vifaranga wa Nyumba ya Mwiko

Siku ya nne baada ya mama kujifungua mtoto aliyekufa, nilikutana njiani na rafiki yangu wa darasani, yule tuliyekaa naye dawati moja. Aliponiona alisimama, akatua ndoo yake ya maji, kisha akatimua mbio na kupotelea kwenye mahindi. Ndoo aliiacha pale pale. Nilimwita mara mbili, hakuitika. Nilisikia tu majani ya mahindi yakichakarika, yakizidi kwenda mbali.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kunikimbia, labda mbuzi. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, maana mimi tangu utotoni nikiumizwa hukasirika kwanza, huzuni huja baadaye ikipata nafasi. Nilimkuta bibi, mama yake baba, anapepeta ulezi uani. Nikamwambia kwamba yule mtoto amepata wazimu.

"Nani alikuambia upite njia ile?" bibi aliniuliza, bila kuinua uso.

Ndipo aliponieleza, kwa lugha yetu ya nyumbani, maana Kiswahili alikijua cha kununulia chumvi tu. Sisi ni wakulima wa nyanda za juu za Karatu, na kwetu nyumba iliyopoteza mtoto mchanga hukaa peke yake. Haiombi moto kwa jirani wala haitoi. Haichoti maji pamoja na wengine. Watu wake hawapiti njia ya wote, hawaendi shule wala kanisani, na anayewagusa naye anaingia humo humo. Huo ndio mwiko, na hauishi mpaka mzee wa desturi aje kuwatoa. Kila ukoo una hesabu yake. Ya bibi ilikuwa hivi: damu ya mzazi ikauke, maziwa yakauke, kisha mwezi mpya uandame, hapo ndipo mzee aitwe.

"Lakini sisi ni Wakristo," nikasema.

"Hata aliyekukimbia ni Mkristo," bibi akajibu.

Na kweli. Mtaa wetu wote ulikuwa umebatizwa. Mwinjilisti alishahubiri mara nyingi kwamba mambo hayo yamekwisha, na watu walimwitikia amina kwa sauti. Wakitoka kanisani walizunguka mbali kukwepa nyumba yenye mwiko, na mwinjilisti mwenyewe, nilimwona kwa macho yangu, akasukuma baiskeli yake kupita nyuma ya mashamba.

Kilichofanya jambo liwe gumu zaidi ni kwamba tulikuwa tumehamishiwa kijijini miaka miwili tu nyuma. Zamani, bibi alisema, kila nyumba ilikuwa na kilima chake, njia yake na kijito chake. Ukikaa mwiko ulikaa kwako, hukuona mtu akikukimbia kwa sababu hata siku za kawaida hukuwa unamwona. Sasa tulikuwa tumepangwa kwenye mstari, nyumba kwa nyumba, njia moja, bomba moja. Waliotupanga walipima viwanja kwa kamba, lakini hawakuuliza mwiko utakaa wapi. Ikabidi tuwe tunatokea nyuma, kupitia zizi, tunashuka korongoni kuchota maji yaliyotuama kwenye nyayo za ng'ombe.

Mwalimu wangu alikuwa mgeni, mtu wa Moshi, na hakujua lolote. Wiki ya pili alikuja mwenyewe kuniulizia. Alifika karibu na ua wetu wa minyaa, majirani wakaanza kumpigia kelele kutoka pande zote asisogee. Alisimama na mguu mmoja hewani.

"Mwanafunzi, unaumwa?" aliniita kutoka kule.

"Hapana, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi mbona huji shule?"

Jirani mmoja alimvuta pembeni akamnong'oneza, na mwalimu wangu, mtu aliyetufundisha kuhusu vijidudu na mzunguko wa damu, alinitazama kwa mshangao, akageuka, akaondoka kwa hatua ndefu. Nilimdharau kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Lakini aliyenishtua kuliko wote alikuwa baba. Baba alikuwa kibarua wa barabara huko Ngorongoro, kwenye kambi iliyokuwa juu kabisa, ukingoni mwa kreta, ambako alituambia ukungu ukishuka dereva wa greda hutanguliwa na mtu anayetembea kwa miguu. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi juu ya lori. Mwezi ule alikuja, lakini hakuingia. Habari zilimfikia huko huko. Alisimama nje ya minyaa akiwa na koti lake la mvua, akaweka chini sukari, sabuni na chupa ya mafuta ya taa, akasogea nyuma hatua kumi, bibi akaenda kuvichukua.

"Nikiingia nitakaa humo mpaka mtolewe," alimwambia bibi. "Kazini hawatanisubiri."

"Najua, mwanangu," bibi akasema.

"Hajambo?"

"Anakula kidogo."

Baba aliutazama mlango. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, na nyuma yangu, gizani, mama alikuwa ameketi kwenye ngozi yake ya ng'ombe, akisikia kila neno. Hakutoka wala hakusema. Baba alinipungia mkono, akaenda zake kusubiri lori barabarani. Nimeshamsamehe siku nyingi, lakini kumwelewa bado.

Mama alikuwa hivyo tangu siku ile ya kwanza. Hakuwa mgonjwa. Aliamka, akafagia, akasonga ugali. Ila maneno yalikuwa yamekwisha. Ukimwuliza jambo alikutazama kwanza kama mtu anayekumbuka wewe ni nani, kisha akajibu ndiyo au hapana. Na hakulia. Kwetu mtoto aliyezaliwa bila kutoa sauti haliliwi. Bibi alimchukua akamzika mwenyewe asubuhi ile ile, mama akiwa bado hajaweza kusimama, na hakuna aliyemtaja tena.

Sasa nije kwenye vifaranga.

Kabla ya hayo yote, mvua za masika zilipoanza, nilikuwa nimeokota mayai ya kanga, ndege wale wa porini wenye madoadoa, pembeni mwa shamba kubwa la ngano lililopakana na kijiji. Kiota kilikuwa na mayai mengi, nikachukua tisa. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita mwenye kanga aliyemfuata mpaka shuleni na kumsubiri nje ya darasa, nami nilikuwa natamani hilo kuliko gauni jipya. Tulikuwa na kuku mmoja tu, mwenye rangi ya majivu, mkali, na wakati ule alikuwa ameatamia. Nikamwibia mayai yake, nikamwekea yangu. Hakujua tofauti, au alijua akanyamaza.

Mayai ya kanga hukaa siku nyingi kuliko ya kuku. Yalianguliwa siku ya tisa ya mwiko wetu, saba kati ya tisa. Sijawahi kuona kitu kilichozaliwa na haraka kama vifaranga wale. Walikuwa wadogo, wa rangi ya kahawia na michirizi myeusi kichwani, miguu na midomo myekundu, na kabla hawajakauka vizuri walishaanza kukimbia. Nilikaa nao siku nzima. Kwa mara ya kwanza tangu ndoo ile iachwe njiani nilisahau kwamba nimefungiwa.

Siku ya tatu kuku aliwatoa nje. Nilikuwa korongoni nachota maji. Alipita chini ya minyaa na wanawe nyuma yake, akaingia kwenye ua wa jirani, mama mmoja kiongozi wa kwaya ambaye kabla ya hapo alikuwa akiniita mwanangu na kunipa viazi vya kuchoma. Nilipokuwa napanda kutoka korongoni nilisikia kishindo cha mawe na kuku akipiga kelele, kisha kimya. Nilitupa dumu nikakimbia. Yule mama alikuwa amesimama katikati ya ua wake na jiwe jingine mkononi, anahema. Kuku wetu alikuwa amelala chini, bawa moja limefunuka.

Nilimjua mama yule. Alikuwa mtu wa kumwonea huruma hata mbwa wa watu.

"Mngemfungia kuku wenu," alisema. "Mngemfungia. Nina watoto wadogo humu ndani."

Alimsukuma yule kuku kwa ufito mrefu, akampitisha chini ya minyaa mpaka upande wetu, kisha akauchoma ule ufito moto. Kuku wa nyumba yenye mwiko alikuwa amebeba mwiko miguuni. Ndivyo alivyoamini, na aliogopa kweli, nililiona hilo usoni mwake. Lakini nilimchukia, na ningekuwa na nguvu ningemrudishia jiwe lake.

Vifaranga walikuwa wametawanyika kwenye nyasi za chini ya minyaa, wanalia. Nilitambaa kwa magoti mpaka nikapata sita. Wa saba sikumwona.

Kuku mwingine tusingempata. Nani angetuazima kuku? Nikawa mama yao mimi. Nilichukua chungu kilichovunjika mdomo, nikatandika majivu ya moto chini, juu yake nyasi kavu, juu yake kipande cha blanketi. Nilijifunza kupima joto kwa shavu, nikiinamisha uso ndani ya chungu. Likizidi waliachama midomo, likipungua walirundikana na kulia. Maji niliwawekea kwenye kifuniko cha kopo, na ndani yake vijiwe, wasije wakazama. Nilichimba mchwa kwenye kichuguu nyuma ya zizi. Nilipoona kinyesi kimewaganda nyuma niliwasafisha kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, mmoja mmoja, wakinipigia kelele za matusi.

Bibi alinionya jambo moja tu. "Umande," alisema. "Kifaranga wa kanga akilowa umande amekwisha. Usiwatoe mpaka jua likaushe nyasi." Sikumsikiliza siku moja, nikawatoa mapema. Mmoja alilowa tumbo, akaanza kutetemeka, na kabla ya saa sita alikuwa amekufa mkononi mwangu. Wakabaki watano.

Hao watano nao wakaanza kudhoofika. Mchwa hawakutosha, na unga wa ulezi uliolowekwa kwa maji waliuchokoa wakauacha. Bibi alisema wanataka maziwa, lakini ng'ombe wetu mmoja alikuwa na mimba na alishakauka, na ya jirani tungeyapataje. Nililala nikiwa na hakika kwamba ningewakuta wamekufa wote. Nilipoamka walikuwa wazima. Kesho yake walikuwa na nguvu zaidi. Siku ya tatu walianza kupigana mateke ndani ya chungu. Nilijisifu sana kwa bibi. Nilimwambia mimi nina mkono wa kufuga.

Kisha mchana mmoja nilirudi kutoka kichuguuni mapema, nikapitia zizini. Mama alikuwa amechuchumaa nyuma ya kihenge cha mahindi, amenipa mgongo nusu. Kitambaa ambacho bibi alimfunga nacho kifuani ili maziwa yakauke kilikuwa kimefunguliwa, kimeanguka kiunoni. Alikuwa na bakuli la bati magotini. Alikuwa anajikamua. Maziwa yalilia kwenye bati, kidogo kidogo, naye aliyakoroga na unga wa ulezi kwa kidole, akaonja joto lake, akawasogezea vifaranga waliokuwa wanamzunguka miguuni. Wote watano waliingiza vichwa bakulini.

Nilishtuka mpaka mchwa wakanimwagika. Sijui ni nini hasa kilichonishtua. Nilikuwa nimeshawahi kumwona mwanamke ananyonyesha, nani hajaona. Nadhani ni ule utulivu wake. Uso wake ulikuwa uso wa zamani, wa kabla. Na aliyekuwa anatazamwa kwa uso huo hakuwa mimi.

Aliniona. Hakujifunika.

"Yananiuma," alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwa siku nyingi. "Yanakuja tu. Hayajui kwamba hakuna mtoto."

Niliinama nikaanza kuokota mchwa.

"Usimwambie bibi yako," akaongeza. Akaanza kujifunga kitambaa, polepole.

Sikumwambia. Lakini kuanzia siku ile kila jambo lilinikera. Nilikuwa nimezoea kujua kwamba wale vifaranga ni wangu, kumbe nilikuwa mchimba mchwa wao tu. Wakimsikia mama anakohoa walitoka mbio kwenye chungu. Wakimsikia anapita waliacha hata mchwa wa mkononi mwangu. Nilimwonea mama wivu kwa ajili ya vifaranga, na nadhani, ingawa siku zile nisingekubali, niliwaonea vifaranga wivu kwa ajili ya mama.

Kisha bibi akasema jambo. Tulikuwa tunachambua mboga, yeye na mimi, mwezi ukiwa umebakiza siku chache kuandama.

"Simwelewi mama yako," alisema. "Nimemfunga kitambaa, nimemnywesha dawa, damu imekauka zamani. Maziwa hayataki. Mwezi utaandama na maziwa yapo, basi tutasubiri mwezi mwingine tena."

Mikono yangu ilisimama kwenye mboga. Mwezi mwingine. Mwezi mwingine wa kunywa maji ya nyayo za ng'ombe, wa kumsikia rafiki yangu akipita na rafiki mpya wakicheka, wa baba kusimama nje ya minyaa na sukari yake. Na mimi peke yangu, katika watu wote wa nyumba ile, nilijua ni kwa nini. Kuna bakuli linalojazwa maziwa mara tatu kwa siku. Titi linalokamuliwa halikauki, hata mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua, anaona kwa ng'ombe.

Ningeweza kumwambia bibi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia. Nilikuwa nimemwahidi mama, kwa kunyamaza, na nilijiona mwaminifu sana kwa kutunza siri yake. Kwa hiyo nilifanya jambo baya zaidi kuliko kusema.

Kulipopambazuka, bibi akiwa anachochea moto na mama bado amelala, niliwaweka vifaranga wote watano kwenye kikapu, nikatokea kupitia zizi, nikashuka korongoni na kupanda upande wa pili mpaka shamba la ngano. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Nilikitafuta kile kiota nilichookota mayai, nikakipata, bado kina maganda. Niliwamimina pale. Niliwaambia hapa ndipo kwenu, mama yenu atapita. Nilikuwa nimewasikia kanga wa porini wakilia ng'ambo, si mbali, na nikajilazimisha kuamini kwamba watakuja kuwachukua. Miguu yangu ilikuwa imelowa mpaka magotini. Nilijua kabisa maana ya maji yale, nikageuka, nikakimbia nyumbani.

Mama alikuwa ameshaamka. Alikuwa ameketi mbele ya chungu, na bakuli lake tayari, uji wa ulezi unatoa mvuke kidogo. Siri ilikuwa imekwisha, kwa maana bibi alikuwa amesimama pale pale anamtazama. Gauni la mama lilikuwa limelowa kifuani. Aliingiza mkono ndani ya chungu, akapapasa blanketi, akautoa. Kisha akanitazama miguu.

"Umewapeleka wapi?"

"Kwao," nikasema. "Kiotani."

"Sasa hivi? Katika umande huu?"

Mama alisimama, akaacha bakuli sakafuni, akatoka. Hakupitia zizini. Alitokea mbele, kwenye mwanya wa minyaa ambao hakuna aliyeutumia kwa karibu mwezi mzima, akashika njia ya wote, kichwa wazi, miguu mitupu, gauni limelowa kifuani. Nilimfuata nikimwita. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine tukiipita. Yule mama wa kwaya alikuwa anafagia, akaangusha ufagio akaingia ndani kinyumenyume. Mtu mmoja aliyekuwa bombani aliacha maji yanamwagika. Mama hakumtazama mtu. Mimi nilisubiri jiwe.

Jiwe halikuja. Tulifika shambani. Walikuwa wamejirundika chini ya shina la nyasi, hatua chache tu kutoka nilipowaacha, wamelowa na kuwa wembamba kama vidole. Wanne walikuwa wameshakufa. Mmoja alifungua mdomo. Mama alimtia ndani ya gauni, kifuani, akamfunika kwa mikono miwili, mimi nikawabeba wale wanne kwenye pindo la gauni langu, na tulirudi hivyo, njia ile ile, yeye akitembea polepole sasa. Tulipofika kwenye minyaa aliniuliza kama kuna maji ya moto. Nikasema yapo. Akaingiza mkono kifuani, akampapasa kifaranga, na nikajua kwamba hayahitajiki tena.

Alichukua jembe mwenyewe. Alichimba nyuma ya zizi, shimo dogo lakini refu kwenda chini. Aliwakausha kwa kitambaa kile cha kifuani, mmoja mmoja, akawanyoosha miguu, akawalaza kwa mstari. Bibi alikuja akasimama karibu yangu. Mama alirudishia udongo kwa mikono. Alipomaliza kuusawazisha alibaki ameinama, na sauti ikamtoka.

Sijawahi kusikia sauti ile tena, na nimeshakwenda misiba mingi. Ilianza chini kama mtu anayenyanyua mzigo, ikapanda, ikajaa uwanja. Alilia kwa kinywa wazi, kama wanavyolia wanawake wa kwetu wakifiwa na mtu mzima mwenye jina. Alipiga udongo kwa viganja. Niliogopa, nikataka kumkimbilia kumziba mdomo, maana mtaa wote ulikuwa unasikia. Bibi alinishika bega akanizuia.

"Mwache."

Kutoka upande wa pili wa minyaa sauti ya yule mama wa kwaya iliuliza, kwa woga, "Kuna nini huko? Nani tena?"

"Vifaranga," bibi akajibu.

"Vifaranga?"

"Vifaranga wa kanga, watano," bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ya ukali ambao sikuuzoea. "Kuna mwiko gani wa kulilia vifaranga? Mwache mwanangu alie."

Bibi, ambaye alishika mwiko ule kuliko mtu yeyote, ambaye alimzika mtoto bila kumruhusu mama kutoa hata kwikwi, alisimama pale akimlinda mwanamke mwingine alie mpaka amalize. Yule mama wa kwaya hakusema tena. Lakini hakuondoka pia. Nilikuwa nikiiona nguo yake kati ya minyaa, imesimama pale muda wote.

Jua lilikuwa limeshatoka mama alipotulia. Bibi aliingia ndani kumletea maji. Tulibaki wawili.

"Ni maziwa," nilimwambia. "Bibi alisema tutakaa mwezi mwingine. Nilitaka yakauke."

"Najua," mama akasema.

Nilisubiri anichape. Alijifuta uso kwa mkono wenye udongo, ukabaki na mistari. Akanivuta nikae karibu naye, akanishika kichwa, akaanza kuzipapasa nywele zangu, kwa vidole vyote, kama mtu anayezipima.

"Alikuwa wa kike," alisema. "Nilimwona kidogo tu kabla hajachukuliwa. Alikuwa na nywele nyingi, zimeshuka mpaka hapa." Akanigusa nyuma ya shingo. "Wewe ulizaliwa na kipara."

Karibu mwezi mzima nilikuwa nimehesabu nilivyopoteza: rafiki, shule, kuku, vifaranga saba. Sikuwa nimewahi kuuliza. Nilikaa pale nyuma ya zizi, vidole vya mama vikiwa nywelini mwangu, na kwa mara ya kwanza ikaniingia akilini kwamba nilikuwa na mdogo wangu, na kwamba amekufa.